Neno Lililoota Mvi

Mashine namba tatu ilikataa kufungua mlango. Ndani yake kulikuwa na jezi kumi na sita za timu ya mtaa, maji ya moto, na povu lililopanda hadi juu ya kioo. Fainali ilikuwa saa kumi alasiri ya siku hiyo hiyo. Kosa lilikuwa la mwenye duka: alikuwa amesema neno ambalo hakupaswa kulisema, na alilisema mbele ya watu.

Mwenye duka alikuwa dobi, mtu wa makamo, mabega mapana, viganja vimechujuka kwa sabuni. Mtaa mzima ulimwita Povu, kwa sababu ya kazi yake na kwa sababu alikuwa hachelewi kufoka. Dakika ile hakujua bado kwamba kosa ni lake. Alichojua ni kwamba kile kioo kidogo juu ya mashine, ambacho siku zote humwambia nguo zimefikia wapi, kilikuwa kimeandika hivi:

"Neno hili limeota mvi. Jipange."

Povu akasoma mara ya kwanza, akadhani anatukanwa. Akasoma tena, akawa na hakika.

"Mvi zangu zinakuhusu nini wewe?" akaiuliza mashine, akaizaba kofi la ubavuni.

Mashine ikanguruma. Maji yakapashwa, ngoma ikazunguka, jezi zikapita kwenye kioo zikimpungia mikono, kisha ikasimama palepale iliposimama mwanzo. Neno hili limeota mvi. Jipange. Halafu ikachota maji mapya, ikaanza upya kupasha.

Hapo ndipo jasho lilipomtoka. Mashine haikuwa imekufa, na afadhali ingekufa. Ilikuwa inafua, inakwama, inarudi nyuma, inafua tena, kwa maji ya moto, na ingeendelea hivyo hadi kiama. Dobi yeyote atakwambia: nguo chafu inasubiri, nguo inayopikwa haisubiri.

Na jezi zile hazikuwa za mtu baki. Kocha wa timu alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe, aliyekubali dada yake aolewe na dobi kwa shingo upande na tangu siku hiyo shingo haijanyooka. Miaka yote alipeleka jezi kwa madobi wengine. Safari hii tu, kwa fainali, dada yake alimkalia kooni mpaka akazileta, na alipoziweka juu ya kaunta alisema, "Haya shemeji, heshima yangu na yako imo humo." Kanuni za mashindano zilikuwa fupi: timu isiyo na sare haichezi. Kwa hiyo jezi zisipotoka, kombe linakwenda mtaa wa pili bila mpira kupigwa, na shemeji anapata hadithi ya kusimulia kwenye kila msiba na kila harusi ya ukoo hadi mmoja wao azikwe.

Povu akajaribu anachokijua. Mashine zake zilikuwa za mitumba, alizinunua kwenye hoteli iliyofungwa, na koki ya dharura ya kumwagia maji ilikuwa imeshikana na kutu tangu enzi za hoteli. Kuzima umeme hakukusaidia, maana mashine za namna ile zikizimwa kitasa hubana zaidi, kama mtoto aliyefumba mdomo mbele ya dawa. Akabaki na njia moja.

"Sindano!" akaita. "Sindano! Njoo umwone mwanao!"

Sindano alikuwa binti yake, mwembamba, mkali, hazungumzi sana lakini akizungumza unachomwa. Alikuwa amerudi nyumbani kutoka chuo cha kompyuta, na ndiye aliyezifufua mashine zile baada ya radi kuunguza bodi zake. Fundi wa mjini alikuwa ameziangalia akatikisa kichwa kama daktari wa wodi ya mwisho. Sindano akafunga ndani ya kila moja kompyuta ndogo ya ukubwa wa kiberiti, akaiandikia programu, na mashine zikaanza kufua.

Lakini hakuziandikia kwa lugha alizofundishwa chuoni. Yeye na wenzake watatu wa kijiweni, Kipaza akiwa mmoja wao, walikuwa wametunga lugha yao ya kompyuta, kwa mzaha tu, na maneno yake yote waliyaokota kwenye midomo ya vijana. Lugha yenyewe waliiita Kijiwe. Siku ya kwanza Sindano alipoiweka kwenye mashine, Povu alikuwa amesimama nyuma ya bega lake na kikapu cha mashuka, akaona mistari hii:

Oya
chota maji mpaka kiunoni
kama vipi ni nguo nyeupe, pasha moto
zungusha kwa mzuka
ikitulia tema maji
sepa

Povu aliacha shule darasa la sita, siku mwalimu alipomchapa kwa kuuliza swali, akaona heri akaulizie mahali pengine. Maisha yake yote alipita mbali na kompyuta kama anavyopita mbali na mbwa asiyemjua. Lakini mistari ile aliisoma kutoka juu hadi chini bila kukwama popote. Mwanzo kuna salamu. Katikati kuna kazi. Neno la mwisho, sepa, linaiambia mashine ifungue kitasa na kwenda zake. Akaweka kikapu chini.

"Hii ndiyo kompyuta?"

"Ndiyo, baba."

"Kumbe inaongea kihuni hivi?"

"Inaongea kama sisi."

Povu akacheka mpaka akashika ukuta. Siku nyingine akazidisha sabuni makusudi, ili tu asome kioo kitasema nini. Kikaandika: "Noma. Unafua au unatengeneza mawingu?" Alimwita mkewe aje aone. Mkewe akasoma, akasema, "Hata mashine imekujua," akarudi kwenye pasi yake.

Sasa, kuna jambo hakumwambia mtu. Yeye na Sindano walikuwa wamebakiwa na mazungumzo ya aina moja. Umekula? Nimekula. Unatoka? Natoka. Hawakuwa na ugomvi. Maneno yalikuwa yamekwisha tu kama sabuni, kimyakimya, na hakuna aliyekumbuka kununua mengine. Lakini rafiki zake walipofika asubuhi mlangoni na kupaza sauti, "Oya!", uso wa binti uliwaka kama chumba kilichowashiwa taa. Povu aliyaona hayo kila siku akiwa nyuma ya rundo la mashati. Naye alitaka kuiwasha taa hiyo. Alijifunza kulisema lile neno peke yake, chini chini, kwenye pasi ya mvuke, ambako mvuke ulifunika sauti. Kumwambia Sindano hakuthubutu. Angekuwa kichekesho.

Akaona aanze na maneno madogo madogo, kwa wateja. Mwenye benki, aliyeleta suti, aliambiwa suti yake sasa ina mzuka. Bibi wa duka la vitambaa aliambiwa mapazia yake freshi kabisa. Wateja walicheka, Povu akanenepa. Kila baada ya muda aliona Sindano akibadilisha neno hili au lile kwenye programu: mzuka ukaondoka, pakaja moto, freshi ikaondoka, pakaja kijani. Povu akafikiri maneno ya vijana ni kama suruali, leo ya kubana, kesho ya kupwaya. Akajifunza mapya.

Siku hiyo ya fainali, alipoitwa, Sindano alifika mbio, mikono ina grisi. Akasoma kioo. Akauliza kwa sauti ya mtu anayekanyaga sakafu yenye maji.

"Baba. Leo umesema nini?"

"Nimesema mengi. Mimi si bubu."

"Umemwambia mtu asepe?"

"Mjomba wako. Asubuhi. Alisimama hapo kwenye kaunta ananifundisha kufua, nikamwambia, wewe shemeji sepa, ukirudi utazikuta zimenyooka kuliko maisha yako."

"Kipaza alikuwepo?"

"Ni wapi Kipaza hayupo?"

Sindano akajipangusa uso, grisi ikahamia kwenye paji.

"Kuna sheria, baba. Ya Kijiwe. Neno likisemwa na mzazi wa mmoja wetu, mbele ya shahidi, linatoka kwenye lugha siku hiyo hiyo. Mashine inasoma mstari mmoja mmoja, na kila ikifika kwenye neno inauliza orodha yetu kwanza. Asubuhi ulipoiwasha, sepa ilikuwemo. Kabla haijafika mwisho, Kipaza ameshaitoa."

"Mmeliua neno?"

"Halifi. Linastaafu."

Povu akatazama mashine, akamtazama binti yake. Alikuwa mtu wa hasira za haraka, lakini hii ilikuja polepole.

"Mzuka?"

Sindano akaitikia kwa kichwa.

"Freshi? Bonga? Mchongo?"

"Yote. Manane, ukihesabu na la leo. Wewe ndiye mzazi anayeongoza." Kisha akaongeza, kana kwamba hilo linasaidia, "Mama yake Kipaza ana moja tu."

"Sasa mkafanya sheria ya kuniziba mdomo?"

"Haikuwa kwa ajili yako, baba! Ilikuwa mzaha. Neno likishaingia kwenye tangazo la benki au kinywani mwa mzazi, halichekeshi tena. Ndiyo maana tukaiweka."

Povu alijisikia kama mtu aliyekuwa akipiga hodi siku zote hizo, kumbe kila akipiga, wenyeji wanahamisha mlango. Alisema tu, "Jezi zinaiva."

"Ngoja nibadilishe mstari," Sindano akasema, akachomeka waya, akabonyeza. Kioo kikamjibu: "Maji yako tumboni. Usinitekenye." Ni yeye mwenyewe aliyeandika jibu hilo, ili mtu asije akavuruga programu katikati ya kufua. Akapiga ngumi kwenye goti lake. Kurudisha neno kwenye orodha pia hakuweza peke yake. Aliwahi kulirudisha moja kwa siri, wenzake wakamkamata, na tangu hapo funguo za orodha alikaa nazo Kipaza.

"Basi aitwe huyo Kipaza," alisema Povu.

Hakukuwa na haja ya kumwita. Kipaza alikuwa ameketi kwenye ngazi ya duka na wale wenzao wawili, simu mkononi. Alikuwa kijana mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu. Alipoingia chumba cha pasi alitoa heshima zote.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Rudisha neno."

"Mzee, lugha ina taratibu zake."

"Hata mimi nina taratibu zangu, na mojawapo iko nyuma ya mlango, ina mpini."

"Baba," Sindano akasema.

Kipaza akapanda juu ya furushi la mashuka, akakaa kama hakimu. Povu akamwambia ashuke, mashuka yale ni masafi na yeye hana hakika na suruali yake. Kipaza akashuka, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na hadhi ikapungua lakini kesi ikaendelea. Nyuma yao mashine namba tatu ilipasha, ikazunguka, ikakwama, ikaanza tena.

"Kuna kifungu cha toba," Kipaza akasema. "Mzazi aliyestaafisha neno anasimama mbele yetu, analisema kwa mara ya mwisho, anaapa halitapita tena kinywani mwake mpaka anaingia kaburini. Hapo linarudi kazini."

"Imewahi kutumika hiyo?"

"Hapana. Tuliiandika kwa kucheka."

"Naona. Haya. Sepa. Naapa."

"Mzee, toba haikatwi vipande. Unatubu yote au hutubu kabisa. Yako manane."

"Kipaza, acha hizo," Sindano alisema. "Mpe lile moja."

"Ndivyo ulivyoandika wewe mwenyewe, dada. Kifungu cha nne. Nakumbuka ulivyocheka."

Povu aliisikia ngoma ikizunguka nyuma yake, na kwa sikio la dobi alisikia kitu kingine: mlio umebadilika. Nguo zilizojikunja hupiga tofauti. Mojawapo mle ndani ilikuwa inarudi utotoni.

"Naweka mkono wapi?" akauliza.

Vijana wakatazamana. Hawakuwa wamefikiria mkono. "Juu ya pasi," alisema Kipaza.

"Ina moto."

"Basi karibu nayo."

Povu akanyoosha kiganja juu ya pasi, joto likamgusa, akaanza kuyataja. Alidhani atayamaliza kwa pumzi moja. Lakini kila neno lilikuja na mtu wake. Mzuka, na mwenye benki akijigeuza mbele ya kioo. Freshi, na bibi wa vitambaa akimpiga bega. Noma. Bonga. Mchongo, ambalo hakuwahi kuwa na hakika nalo lakini alilipenda linavyokaa mdomoni. Kishkaji. Mwendokasi. Na sepa. Wale vijana wawili waliokuwa wakichekeana mlangoni walikuwa wamenyamaza. Si kwamba walihuzunika sana. Lakini mtu mzima akivua kitu mbele yako, hata kiwe kofia tu, unaangalia pembeni.

"Naapa," alisema. "Yamerudi kwenu. Lakini na mimi nina neno moja nalitaka."

"Neno gani, mzee?"

"Nataka mnipe moja, liwe langu. Nilitumie kwa haki, bila mashahidi wala orodha." Akakohoa. "Oya."

Kipaza akaruka kutoka kwenye ndoo. "Oya haiwezekani! Kila programu inaanza na oya! Tukiitoa, hakuna kitakachowaka. Mashine zako, mchezo wetu wa drafti, kengele ya saluni ya dada yangu, kila kitu!"

"Najua. Nimesoma."

"Halafu mzee, hilo hujawahi hata kulisema. Halimo kwenye makosa yako."

"Sijawahi. Nilikuwa naliogopa."

Sindano alikuwa anamtazama baba yake kama mtu aliyeona kumbe kuna chumba kingine ndani ya nyumba aliyozaliwa.

"Ungemwambia nani?" aliuliza.

"Sasa nani? Mwenye benki?"

Sindano akageuka. "Mpeni."

"Dada, ni mstari wa kwanza wa programu zote! Nani ataziandika upya?"

"Nitaandika mimi."

"Zote?"

"Kipaza, una masikio au umevaa urembo? Nimesema mimi. Lakini jezi kwanza. Rudisha sepa, oya itoke jioni, maana ikitoka sasa hakuna kitakachowaka tena hapa."

Kipaza akabonyeza simu yake, kwa huzuni ya mtu anayesaini talaka. Mashine ikatema maji, ikafika pale ilipozoea kukwama. Ikatafakari. Kitasa kikalia tak. Kioo kikaandika: "Freshi. Nimesepa."

Povu hakungoja. Aliuvuta mlango kwa nguvu zote za asubuhi ile, na mpira wa mlango, uliokuwa umelainika kwa joto, ukamfuata mkononi mzima mzima. Maji yaliyokuwa yamebaki nyuma ya mpira yakashuka sakafuni, yakapita chini ya kaunta, yakamkuta shemeji anaingia, na mkewe Povu nyuma yake na vifurushi vya mashuka ya kupeleka.

"Nilisema," alisema shemeji, viatu vikiwa ndani ya maji. "Sikusema? Nilisema!"

"Zimetoka, shemeji. Safi."

"Zimeloa!"

"Nguo safi huanza kwa kuloa. Hilo hujui kwa sababu hujawahi kufua."

Shemeji akaokota ya kwanza iliyomjia. Ilikuwa ya kipa, ambayo siku zote ilikuwa ya kitambaa tofauti, kizito. Akaipimisha kifuani. Ikaishia mahali ambapo kitovu cha mtu huanza kujisitiri.

"Kipa wangu ana mita mbili kasoro," alisema taratibu. "Hii avae mkononi?"

Ndipo mkewe Povu alipotua vifurushi juu ya kaunta, akatazama sakafu, akatazama vijana wanne waliosimama kama nguzo, akatazama mumewe aliyeshika mpira wa mlango kama nyoka aliyemuua.

"Sepeni wote hapa nikaushe!" alisema.

Hakuna aliyesogea. Kipaza alitazama simu yake, akamtazama Sindano, kidole tayari juu ya kioo. Sindano akaziba masikio. "Hatujasikia," alisema. "Hakuna aliyesikia!"

"Hamjasikia nini? Nimesema sepeni!"

"Mama, usiliseme! Baba ameapa sasa hivi kwa ajili ya hilo neno. Likisemwa na mzazi linatoka kwenye lugha yetu."

"Lugha yenu?" Mama mtu akaweka mikono kiunoni. "Sepa ni neno lenu? Mtoto, ndilo neno la kwanza nililomwambia baba yako. Alikuja dukani kwa baba yangu kuuliza bei ya vifungo, siku ya nne mfululizo, na shati halina hata kifungo kimoja kilichopungua. Nikamwambia sepa. Sote tulikuwa tunasema hivyo. Muulize mjomba wako."

"Alimwambia," shemeji alikubali. "Bahati mbaya hakusepa."

Kipaza alikuwa amekaa tena kwenye ndoo. Akili yake ilionekana ikifanya kazi kwa mbali. "Kwa hiyo lilikuwa la wazee tangu mwanzo," alisema. "Halikuwa letu. Kama lilikuwa lao, haliwezi kustaafu kwa kusemwa nao. Kwa hiyo asubuhi nilikosea kulitoa."

"Kwa hiyo nimeapa bure?" aliuliza Povu.

"Mzee, kwa sheria ilivyo... ndiyo."

"Basi nirudishiwe maneno yangu."

"Kiapo hakina kifungu cha kurudi," Kipaza alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile sauti yake ilikuwa ndogo. "Hatukukiandika."

Povu angeweza kubisha. Mpini ulikuwa bado nyuma ya mlango. Lakini alikuwa mtu wa kazi za mkono, na mkono wake ulikuwa umeshapita juu ya pasi. "Basi," alisema. "Nimeapa, nimeapa. Kamueni jezi."

Wakakamua, wote, shemeji akiwemo, wawili wawili kila jezi, mmoja huku mmoja kule. Saa kumi timu iliingia uwanjani ikichuruzika. Kipa alidaka akiwa tumbo wazi, na kila alipopiga mbizi mashabiki wa upande wa pili walimwimbia kitovu chake. Timu ikashinda bao moja. Mtaa wa pili walilalamika kwa mwamuzi kwamba wapinzani wao wanateleza mno kukabika, mwamuzi akasema kanuni inataka sare, haikusema ikauke. Shemeji alishangilia hadi sauti ikamkauka, kisha akatangaza kwamba wameshinda licha ya dobi. Hadithi yake ya kwenye misiba aliipata hata hivyo.

Asubuhi iliyofuata Povu alifungua duka, akapanga mashati, akasikia hatua za Sindano zinashuka ngazi. Akaweka shati chini. Aliogopa kuliko siku aliyokwenda kuuliza bei ya vifungo.

"Oya," alisema.

Sindano akasimama kwenye ngazi ya mwisho. Akalikagua lile neno alivyolisema, kama fundi anayesikiliza injini. Lilikuwa limetoka zito kidogo, na mwishoni lilipanda kama swali.

"Oya, baba," alisema, na taa ikawaka. "Umekula?"

"Bado."

"Hata mimi."

Wakala wamesimama kwenye kaunta, na wakazungumza juu ya mpira wa mlango, upatikane wapi, na kama wa mashine ya nne ungeweza kuingia. Kisha Sindano akafungua kompyuta yake akaanza kazi aliyoitaka mwenyewe.

Hasara yenyewe ilikuwa hivi. Mpira wa mlango, mmoja, haukupatikana. Mashine namba tatu bado imelala. Jezi ya kipa, moja, anaivaa mtoto wa jirani na inampwaya kidogo tu. Viatu vya shemeji, jozi moja. Maneno manane ambayo Povu aliyapenda na hayasemi tena, hata mwenye benki anapojigeuza mbele ya kioo akisubiri kuambiwa. Na upande wa Sindano, mstari wa kwanza wa programu arobaini na moja, kuandikwa upya mmoja mmoja kwa mkono. Hadi leo amefika ya kumi na tisa.